Siku Baraza Letu Lilipopanda Boti

Kamati ya sherehe ya shule yetu imenitumia ujumbe kwenye simu. Wanataka niwaandikie historia ya shule, kurasa mbili tu, za kuchapishwa kwenye kijitabu cha wageni. Wameniwekea na mwongozo kabisa: shule ilianzaje, majengo yameongezeka vipi, waliomaliza wako wapi. Na chini kabisa, kwa upole wa kuudhi, wameandika kwamba tuepuke mambo yanayoweza kuleta maneno na wazazi. Nilicheka peke yangu jikoni mpaka maziwa yakachemka yakamwagika. Tuepuke maneno! Shule ile ilijengwa kwa maneno. Ukiyaondoa, kinachobaki ni mabati na vyoo.

Basi hayo majengo wamtafute fundi awaandikie. Mimi nitaandika siku baraza letu lilipopanda boti, kwa sababu nilikuwemo, tena mimi ndiye niliyekuwa nagombewa. Siku ile ingekwenda vingine, leo nisingekuwa hapa nabishana na kamati. Ningekuwa Kagunga, mke wa pili wa mfanyabiashara wa vitenge mwenye umri wa marehemu baba yangu.

Shule ilikuwa juu ya kilima, kaskazini ya mji, na bado ipo palepale. Ukishuka kwa miguu unatokea Kibirizi, kwenye boti za abiria. Aliyeianzisha ni mwalimu wa kike, mtu wa Ujiji, ambaye babu yake alivuka ziwa kutoka Kongo na hakurudi tena. Sisi tulimwita Mama Mkuu. Alikuwa amefundisha shule nyingi, akachoka kuona wasichana wakichapwa muhula mzima na kuozwa wakati wa likizo. Akaacha kazi, akakodi ghala la zamani la chumvi, akatia vitanda, akaanza kupita kijiji kwa kijiji akiomba mabinti wa watu. Ndugu zake walidhani amerogwa.

Na kweli mambo yake yalikuwa ya kushangaza watu. Fimbo hakuna. Walimu walikula nasi meza moja, ugali huohuo na maharage hayohayo, na mdudu akionekana kwenye sufuria ni wetu sote. Tulivaa suruali. Kila msichana alifundishwa kuogelea, maana Mama Mkuu alisema ni aibu mtu azaliwe kando ya ziwa kama hili kisha afe kwa maji yaliyomfika kifuani. Waliozaa walirudi darasani, na watoto wao wakalelewa kwa zamu, enzi ambazo kwingine popote hakuna aliyetaka hata kuwasikia. Basi mji ukapata la kusema. Gungu walisema, Ujiji walisema, sokoni wakaongeza chumvi: "Ukitaka mke mbishi, kachumbie kule juu!" Sisi maneno hayo tuliyatungia wimbo, tukawa tunaimba tukipiga deki.

Lakini roho ya shule ilikuwa baraza. Kila Jumamosi asubuhi tulitandika mikeka kwenye lile ghala, tukakaa chini wote, wanafunzi na walimu, na Mama Mkuu alikuwa na kura moja kama mtoto wa kidato cha kwanza aliyefika jana. Mwenyekiti alikuwa mwanafunzi. Ugomvi wote, wa sabuni, wa zamu za jikoni, wa mwalimu aliyechelewa, ulikuja pale. Na palikuwa na sheria moja iliyowatoa watu jasho, tuliyoiita kurudisha. Kabla hujamjibu mtu, sharti umrudishie maneno yake kwa mdomo wako mwenyewe, mpaka akubali kwamba ndivyo alivyosema. Ukikosea, unaanza upya. Ukikataa, huna haki ya kujibu.

Msisikie hivyohivyo mkadhani ni rahisi. Muhula wangu wa kwanza msichana mmoja wa mjini aliliambia baraza kwamba nanuka dagaa na hawezi kulala kitanda cha jirani na changu. Nilisimama kwa hasira, nikasema, "Unasema nanuka dagaa." Akasema, "Ndivyo." Ghala zima likaangua kicheko. Kisha nikasema la kwangu: kwamba hao dagaa ndio walionisomesha, na kila Jumapili yeye huongeza sahani ya pili. Ikawa zamu yake kurudisha, na lile la sahani ya pili likamshinda. Hatukuwa marafiki baada ya hapo, ila alilala kitanda kilekile mpaka tukamaliza.

Sheria nyingine ilikuwa fupi. Msichana haondoki shuleni moja kwa moja kabla baraza halijamsikia yeye mwenyewe. Mama Mkuu aliweka sheria hiyo baada ya kupoteza wanafunzi kadhaa walioitwa nyumbani kwa msiba, na msiba wenyewe ukawa ni harusi yao.

Mimi nilitoka Mwamgongo, ng'ambo ya Gombe ukielekea Burundi, mahali ambapo usipopata boti umelala. Baba alikufa ziwani nikiwa mdogo. Mama akaolewa tena, akahamia mbali. Aliyenilea ni bibi, mama yake baba, mwanamke mfupi mwenye mikono migumu, aliyeanika dagaa mchangani tangu usichana wake mpaka akajenga nyumba yake mwenyewe ya matofali ya kuchoma. Karibu naye aliishi baba mdogo, mvuvi, ambaye baada ya kifo cha kaka yake alijiona ndiye mkuu wa ukoo mzima. Bibi ndiye aliyenipeleka shule. Siku hiyo aliniambia, "Nenda ukasome, mimi nitaanika." Kwa hiyo duniani nilikuwa na mtu mmoja, na mtu huyo alikuwa bibi.

Nikiwa kidato cha tatu, nilirudi nyumbani likizo nikamkuta yule mtu wa Kagunga amekaa uani anakunywa uji. Alinitazama kama mtu anayechagua mgebuka kwenye meza ya samaki sokoni. Nilimuuliza bibi huyu nani, akasema ni mgeni tu anapita. Mgeni apite, aache na injini mpya ya boti? Maana siku ya pili niliiona nyuma ya mtumbwi wa baba mdogo, bado ina plastiki yake, na baba mdogo akiifuta kwa shati. Mwenye macho haambiwi tazama. Nilirudi shuleni nikiwa na jiwe kifuani, lakini nilijipa moyo: bibi yupo, bibi hatakubali.

Jumamosi moja baraza likiendelea, baba mdogo akaingia na viatu vyake mpaka katikati ya mikeka. Mama Mkuu alimkaribisha akae. Akatazama mkeka, akatazama wasichana, akasema yeye hajaja kukaa chini na watoto.

"Nimekuja kumchukua huyu," akasema, akininyooshea kidole. "Bibi yake mgonjwa. Hajiwezi. Anamwita."

Nikaruka. "Mwongo! Bibi haumwi! Nimeongea naye juzi kwa simu ya ofisini, alikuwa anamfokea mtu mbuzi wake kala dagaa!"

"Ugonjwa huja ghafla," akasema.

Mama Mkuu alimrudishia maneno yake taratibu: unasema bibi yake ni mgonjwa, hajiwezi, na anamwita. Baba mdogo akasema ndiyo, ndivyo. Mama Mkuu akanitazama, na nikaona anavyopata tabu. "Anadanganya," nikamwambia. Akasema polepole, "Huenda. Na kama hadanganyi?" Loo, nilimchukia mwanamke yule dakika ile! Ningetaka amfukuze kwa ufagio. Lakini ni nani atakayemzuia mtoto asimwone bibi yake anayekufa? Uongo huo umechaguliwa vizuri ndiyo maana unatumiwa kila mwaka.

"Basi tumsikie na mtoto," akasema Mama Mkuu. Baba mdogo hakungoja. Alisema boti inaondoka, akanishika mkono, akanitoa nje nikiburuta miguu, tukateremka kilima.

Yaliyotokea ghalani nilisimuliwa baadaye, na kila anayesimulia anajifanya yeye ndiye aliyesema. Ukweli ni kwamba aliyesema ni mwenyekiti, msichana mrefu wa Gungu, baba yake dereva wa bodaboda, mwenye sauti ya kuuzia samaki ingawa hakuwahi kuuza samaki. Alisimama akatangaza, "Hajasikilizwa. Kwa hiyo baraza halijafungwa. Linahama!" Akatoka mbio, na wasichana nyuma yake, wengine peku.

Mimi nilikuwa nimeshakaa ndani ya boti, nimebanwa kati ya baba mdogo na gunia la unga. Boti za Kibirizi hazina saa. Boti huondoka ikijaa, basi. Siku hiyo abiria walikuwa wachache, wengine walikaa tangu asubuhi, wakinamama wamevua viatu, watoto wamelala juu ya kreti za soda. Nahodha alikuwa ameinamisha kofia usoni. Nilikuwa namwomba Mungu isijae. Ndiyo dua niliyokuwa nayo: isijae leo, isijae kesho, mpaka bibi apate habari.

Ghafla nikasikia wimbo wetu wa kupiga deki. Nikageuka nikaona suruali za bluu zinateremka kilima. Mwenyekiti wetu alikuwa na mpango wake, na alikuwa amempangia nahodha pia: wasichana wakikaa viti vyote na kukataa kushuka, boti haitaweza kuondoka nami. Mpango mzuri sana, kama ungekuwa wa bodaboda. Pale Gungu ukimkalia mtu pikipiki yake, haendi popote. Waliotoka vijiji vya ziwani walikuwa nyuma wakimpigia kelele, "Usijaze! Wewe, usijaze!" Mwenyekiti akishakasirika hasikii. Alikuwa wa kwanza kuruka ndani, akakaa, akakunja mikono. Wenzake wakafuata. Mimi nilisimama nikapiga yowe, "Shukeni! Mnajaza boti, wajinga nyie!" Wakadhani nalia kwa furaha.

Nahodha akainua kofia. Akatazama mbele, akatazama nyuma. Uso wake ukang'aa.

"Imejaa! Sukuma!"

Abiria walipiga makofi. Mama mmoja akasema alhamdulillahi, mwingine akasema Bwana asifiwe, boti ikasukumwa, injini ikanguruma. Mwenyekiti akasimama akapaza sauti, "Sisi hatusafiri! Tunapinga!" Na yule mama wa alhamdulillahi akamvuta shati akamwambia, "Pinga ukiwa umekaa, mwanangu, utatuzamisha."

Nikamwona Mama Mkuu anafika ufukweni anahema, pindo la gauni mkononi. Hakupiga kelele. Alivua viatu, akaingia majini, maji yakamfika kiunoni, yakamfika kifuani, kisha akaanza kuogelea. Mtu mzima yule, mwenye mvi! Watu wa pwani walisimama vinywa wazi. Nahodha akapunguza moto, wasichana wakamvuta kwa mikono na kwa gauni, akaangukia katikati yetu akitiririka maji. Baba mdogo alikuwa anatabasamu. Alijua sasa boti itageuzwa, watashushwa wote, atabaki na mimi.

Mama Mkuu alikamua gauni lake. Akamuuliza nahodha kama makoti ya kujiokolea yanatosha. Yaliyokuwepo akawavisha kwanza wasiojua kuogelea, yaani abiria, si sisi. Akasema nauli ya wanafunzi iko juu yake. Kisha akamgeukia baba mdogo kwa adabu zote.

"Tumesikia mama ni mgonjwa, hajiwezi. Si vizuri mwanafunzi wetu aende peke yake. Twende wote tukamjulie hali."

Tabasamu la baba mdogo lilikufa pale nikiliona. Angesema nini? Kumzuia mtu asiende kumwona mgonjwa, mbele ya abiria wote wale? Wakinamama walikuwa wameshaanza kumpa pole na kuuliza unaumwa wapi, ni malaria au presha, na mmoja akatoa machungwa mawili kwenye kikapu chake akasema mpelekeeni. Akayapokea. Alikaa nayo mapajani njia nzima, tukapita Gombe na nyani wake ufukweni. Njia ya mwongo ni fupi, wanasema. Ile yake ilikuwa ndefu kidogo, na nilifurahia kila wimbi lake.

Tulifika Mwamgongo jua likiwa bado juu ya milima ya Kongo. Wanawake walikuwa mchangani wanakusanya dagaa waliokauka. Walipoona suruali zile zinashuka kutoka kwenye boti, kazi ikasimama. Mama Mkuu akasalimia, akasema, "Poleni na mgonjwa."

"Mgonjwa gani?" wakauliza.

Na bibi yangu akainuka kati yao, ufagio mkononi, mzima kama mti. Nikamkimbilia nikipiga kelele, "Bibi, baba mdogo anasema unaumwa! Amenidanganya! Anataka kunipeleka Kagunga!" Nilikuwa nimeshashinda. Nilikuwa namsubiri amgeukie mwanawe amfokee mpaka akose pa kupita.

Bibi hakunitazama. Akasema, "Mimi ndiye niliyemwambia aseme naumwa."

Sijui niseme vipi. Nimewahi kuanguka kwenye mtumbwi, nimewahi kuzaa, nimewahi kuzika. Hakuna kilichoniuma kama sentensi ile. Nilisimama na miguu yangu mchangani na sikuwa na mtu duniani.

Mama Mkuu ndiye aliyekaa kwanza. Alikaa pale pale kwenye mchanga, na gauni lake bichi, na wasichana wakakaa, tukawa tumefanya duara kama ghalani. Mwenyekiti akasema baraza linaendelea. Wanawake wa dagaa wakasogea na vikapu vyao, wengine wakakaa pia, maana watu wa kwetu hawapitwi na jambo. Nahodha akaja kusimama nyuma. Baba mdogo akasema hakuna baraza la watoto pwani kwake, lakini watu walikuwa wengi mno kwa yeye kuondoka bila kuonekana ameshindwa. Basi akasema la kwake, akiwa amesimama.

Alisema amenilea tangu kaka yake alipozama. Alisema amevua usiku wa mvua ili nile. Alisema msichana akisoma sana anapotea, anavaa suruali, anajibu wakubwa, na asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Alisema yeye amenitafutia nyumba, na mtu mwingine angenitupa.

Sheria ni sheria. Ilibidi mimi nirudishe. Nilisimama mbele ya kijiji changu nikasema, "Unasema umenilea tangu baba alipokufa. Unasema ulivua usiku wa mvua ili nile." Hilo la kuvua lilikuwa kweli, na nikachukia kwamba lilikuwa kweli. Nilirudisha yote, mpaka la guu. Akasema, "Ndivyo."

Kisha nikasema langu, na sikulisema kwa heshima. Nililisema kwa sauti ambayo mtoto hapaswi kuwa nayo mbele ya wakubwa. "Sitaki kuolewa. Nataka kusoma. Na nyie wawili mmenidanganya."

"Sasa sikiliza wewe mtoto..." akaanza baba mdogo.

"Rudisha!" wakasema wasichana kwa pamoja.

"Nini?"

Mwenyekiti akamweleza sheria. Baba mdogo akasema, "Thubutu! Mimi nirudie maneno ya mtoto?" Akafungua mdomo kujibu, wakamkata tena: "Rudisha!" Akawageukia wanawake wa dagaa apate kuungwa mkono. Mmoja wao, jirani yetu, aliyeozwa mwaka uleule aliovunja ungo, akasema polepole kutoka nyuma, "Si urudishe tu, bwana. Mbona yeye kakurudishia." Na mwingine akaitikia kwa Kiha, "Ego," yaani ndiyo. Kisha wakawa wengi. Rudisha, bwana. Rudisha. Baba mdogo alisimama pale na yale machungwa mkononi, mdomo unafunguka na kufungika, na maneno yale matatu, sitaki, nataka, mmenidanganya, hayakutoka. Angejikata ulimi kwanza.

Bibi akaweka ufagio chini.

"Nitarudisha mimi," akasema. Akanitazama kwa mara ya kwanza tangu nishuke. "Unasema humtaki huyu mume wa Kagunga."

"Hapana, bibi. Sikusema huyu wa Kagunga."

Akafikiri. "Unasema usome kwanza, halafu uolewe."

"Sikusema hivyo."

Nilimwona anavyohangaika, mdomo wake unatafuta njia, kwa sababu maneno hayo hakuwa ameyasema maisha yake yote, wala kwa ajili yangu wala kwa ajili yake. Alifuta mikono kwenye kanga.

"Unasema hutaki kuolewa," akasema. "Unasema unataka kusoma." Akanisogelea hatua moja. "Na unasema mimi, bibi yako, nimekudanganya."

"Ndivyo nilivyosema," nikasema, na hapo ndipo nilipolia.

Baba mdogo akasema, "Mama, tulishakubaliana."

"Tulikubaliana mimi na wewe," akasema bibi. "Huyu hakuwepo. Niliogopa, mwanangu. Mimi mzee, nikifa abaki na nani? Nikaona heri nyumba yoyote." Kisha akasema, bila kupandisha sauti, "Ile injini irudi Kagunga."

"Akiondoka leo asirudi kwangu!"

"Kwako wapi? Ile nyumba ni ya dagaa wangu. Hakuna wa kumfungia mlango."

Baba mdogo aliyaweka yale machungwa mchangani akaondoka. Injini ilirudi Kagunga, na yeye akarudi kupiga kasia. Hakunisemesha tena mpaka leo, hata tukikutana msibani, na akinisemesha nitamjibu, lakini sitaanza mimi.

Kesho yake alfajiri tuliposhuka kwenda kwenye boti, bibi alitusindikiza mpaka majini. Nilikuwa bado nina hasira naye, na bado nampenda, na sikujua nishike lipi. Nikapiga goti nikamwambia shikamoo.

Hakuitikia. Nikarudia. Akatazama ziwa.

"Jana umesimama mbele ya pwani nzima ukaniita mwongo," akasema. "Kweli nilikuwa mwongo. Lakini marahaba yangu huipati leo. Utaipata ukimaliza."

Nilidhani ni maneno ya hasira, yatapoa. Hayakupoa. Nilirudi likizo, nikamwamkia, akasema tu, "Umefika? Maji yako jikoni." Likizo nyingine vilevile. Alinilisha, alinisuka, alinifokea, alinifungia dagaa wa kupeleka shuleni, na shikamoo zangu zote akazikalia kimya. Majirani walidhani amenichukia. Mimi nilikasirika, nikasema moyoni, sawa, bibi, tutaona nani mbishi. Nikasoma kwa ubishi. Usiku nikisinzia juu ya kitabu cha kemia nilikuwa namwona amekaza midomo, naamka.

Matokeo ya kidato cha nne yalipotoka nilipanda boti ya kwanza. Sikumpigia simu, nilitaka kumwona uso. Nilimkuta mchangani, amenipa mgongo, anageuza dagaa kwa ufagio. Sijui nani alishamwambia, au kama alizijua tu hatua zangu. Nilikuwa bado sijapiga goti, sijafungua mdomo.

"Marahaba," akasema.